Rafiki yangu amenipa mzigo wa kumpelekea mama yake Asmara

*"Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi Kampala, ni mchora ramani za majengo. Tangu nikiwa chuoni natamani kuiona Asmara, mji mkuu wa Eritrea, kwa sababu ya majengo yake, na mwaka huu nimepata likizo na pesa ya wiki mbili. Rafiki ninayeishi naye nyumba moja ni Mueritrea, aliondoka kwao 2018 mpaka ulipofunguliwa. Aliposikia naenda alilia, kisha akaniletea mfuko: dawa za presha za mama yake, simu mpya, dola 1,500 na barua. Mdogo wake wa kiume yuko jeshini. Wenzangu wa kanisani nao wamenipa Biblia kumi za mfukoni za Kitigrinya. Nilipanga pia kupiga video za kuweka mtandaoni ili watu waone hali halisi. Kaka yangu anasema kwenda ni kuwalipa mshahara watesaji, na nitajitia matatani bure. Mimi sina siasa. Je, nakosea kwenda? Na mzigo nifanyeje?"*

Dada yangu, ahsante kwa kuandika yote bila kuficha, hata zile Biblia. Wengi huja kwangu wameshakata tiketi na mzigo umeshafungwa, halafu wanachotaka ni baraka tu.

Kaka yako anaogopa mambo mawili: pesa yako na ngozi yako. Ana haki ya kuogopa. Ila mimi kazi yangu ni kuwaandaa watu wanaokwenda nchi za namna hii, watafiti, wafanyakazi wa mashirika, siku hizi hata watalii, na nilichokiona ni kwamba mgeni ndiye huumia mara chache zaidi. Wewe siku ya kumi na nne utapanda ndege. Mama wa rafiki yako hapandi. Kwa hiyo swali lako nitaligeuza kidogo: ukishaondoka, umemwachia nani maelezo ya kutoa?

Ili hilo lieleweke, inabidi nieleze serikali ya Eritrea inavyowashika watu wake, maana wageni wengi hutazamia kuona askari kila kona. Asmara hutaona hivyo. Utaona mji safi, wazee wenye kofia wanakunywa makyato, ile kahawa ya maziwa kidogo, barazani, baiskeli, mitende ya barabara ya Harnet. Usiku utatembea peke yako bila kushika mkoba kwa nguvu kama unavyofanya Kampala. Watu hurudi wakisema, "Mbona kuna amani?" Amani ya mtaani ipo kweli. Kinachobana hakiko mtaani.

Kipo kwenye karatasi. Sheria ya utumishi wa taifa ya 1995 inasema miezi 18, sita ya mafunzo ya kijeshi na kumi na miwili ya kazi. Baada ya vita vya mpaka na Ethiopia vya 1998 hadi 2000 muda huo ukawa hauna mwisho. Wapo waliotumikia miaka kumi na zaidi. Wanafunzi humalizia mwaka wa mwisho wa sekondari katika kambi ya Sawa, karibu na mpaka wa Sudan, na wengi hutoka hapo moja kwa moja kuingia utumishini. Kutoka nje ya nchi kunahitaji kibali, na mtu wa umri wa utumishi hapewi kirahisi. Akitoroka, mkono wa serikali haumfikii yeye, unawafikia waliobaki. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilieleza mambo haya kwa kirefu, na Juni 2016 ikasema kuna sababu za kutosha kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendeka Eritrea tangu 1991, utumwa ukiwa mmoja wapo. Februari 2023 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba wakati wa msako wa waliokwepa jeshi, familia zao zilifungiwa nyumba na kunyimwa kuponi za kununulia chakula kwenye maduka ya serikali. Msako wenyewe Waeritrea wanauita *giffa*.

Sasa mweke mama wa rafiki yako katika picha hiyo. Binti yake aliondoka 2018, katika ile miezi michache njia ya Zalambessa, mpakani na Ethiopia, ilipokuwa wazi na watu wakavuka bila kuulizwa kibali. Mwanawe wa kiume yuko jeshini, maana yake yuko mikononi mwao. Mama mwenyewe anahitaji kuponi na anahitaji jirani asiyemsema vibaya. Halafu siku moja gari linasimama mlangoni, anashuka mgeni kutoka Kampala, mji ambao kila mtu anajua umejaa Waeritrea waliokimbia, na mkononi ana mfuko.

Umesema huna siasa. Nakuamini. Lakini kwenye nchi ambayo chama ni kimoja, uchaguzi wa taifa haujafanyika tangu uhuru wa 1993, na magazeti binafsi yalifungwa yote Septemba 2001, siasa si kitu unachochagua kuwa nacho. Swali la kawaida kabisa linaweza kuwa siasa kwa anayeulizwa. Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma, katika nchi nyingine nisiyoitaja kwa kuwa bado naenda huko kikazi, kijana mmoja wa mkahawani alipenda kujizoeza Kiingereza kwangu. Siku ya tatu nikamuuliza, kwa wepesi tu, uchaguzi wao huwa mwezi gani. Hakujibu. Akaendelea kufuta meza pale pale palipokwisha kukauka, kisha akasema, "Nikuletee sukari." Sukari ilikuwa mbele yangu. Bili ililetwa na mtu mwingine, na siku zilizobaki yule kijana sikumwona tena. Huenda alibadilishiwa zamu tu. Mimi nilikuwa nimeshamuuliza swali ambalo gharama yake singeilipa mimi.

Tuje kwenye pesa, kwa kuwa hapo ndipo kaka yako alipokazia. Ni kweli sehemu ya dola zako itaishia serikalini. Kiwango rasmi ni takriban nakfa 15, pesa ya kule, kwa dola moja, hoteli kubwa na vibali vyote viko mikononi mwa serikali au watu wake, na huwezi kupanga safari ukaizunguka serikali. Anayekuambia "lala nyumba za wageni za watu binafsi, pesa yako itabaki kwa wananchi" anakupa faraja zaidi ya ukweli. Lakini vipimo navyo vina maana. Serikali ile haiishi kwa watalii, ambao ni wachache mno. Inaishi kwa madini, hasa baada ya mgodi wa Bisha kuanza kutoa dhahabu 2011, na kwa kodi ya asilimia 2 inayodai kwa raia wake walioko nje. Mgodi huo ulikuwa wa kampuni ya Kanada, Nevsun, pamoja na serikali. Waeritrea waliodai walifanyishwa kazi pale kwa lazima waliishtaki, na Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kesi inaweza kusikilizwa. Baadaye wahusika wakamalizana nje ya mahakama. Mtu aliyenunua hisa za kampuni kama hiyo akiwa kwake sebuleni huenda ameigusa Eritrea kuliko wewe na wiki zako mbili za makyato.

Kuna hoja ya kususia pia, nayo kwetu si ngeni. Juni 1959 Mwalimu Nyerere alisimama London kuunga mkono kususiwa kwa bidhaa za Afrika Kusini. Nguvu ya wito ule ni kwamba ulitoka kwa Waafrika wa kule wenyewe, kwa Luthuli na chama chake cha ANC. Wangebeba maumivu ya kususia na wakasema tubebeni pamoja. Burma nayo (siku hizi Myanmar), kiongozi wa upinzani Aung San Suu Kyi katika miaka ya 1990 aliwaomba watalii wasije, na 2011 chama chake kikalegeza: anayekuja mwenyewe kwa nia njema aje, misafara mikubwa ya kitalii isije. Kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Eritrea hakuna chama wala gazeti la ndani linaloweza kukuambia njoo au usije, na walioko nje hawana sauti moja. Wapo wanaokwenda kila mwaka kwenye sherehe za uhuru za Mei 24, wapo wanaoandamana mbele ya balozi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwenda ni kuvunja mgomo, kwa sababu mgomo haujaitwa. Siwezi pia kukuambia kwenda ni kuwasaidia. Kwenda ni kwenda kuona majengo, na majengo yanastahili: Asmara iliingizwa katika Urithi wa Dunia na UNESCO 2017, na kile kituo cha mafuta cha Fiat Tagliero cha 1938, kilichotandaza mabawa ya zege bila nguzo moja ya kuyashika, mtu wa fani yako anaweza kukaa mbele yake asubuhi nzima. Usijisingizie kazi ya uokozi. Anayekwenda kutazama akajua anakwenda kutazama hukosea kidogo kuliko anayekwenda "kusaidia".

Mzigo sasa. Hapa ndipo moyo utakuuma.

Barua iache. Barua ina mwandiko na majina, na rafiki yako akiwa na uchungu hawezi kujua sentensi ipi itasomwa vibaya na mtu mwingine. Kama kuna la kumwambia mama, familia nyingi za Waeritrea zimekuwa zikisemezana kwa miaka mingi kwa njia zao, na njia hizo wanazijua wao kuliko mimi na wewe.

Dola 1,500 nazo ziache, kwa sababu ya kawaida kabisa. Mgeni anapoingia hujaza fomu ya fedha za kigeni alizo nazo, na anapotoka anaweza kutakiwa kuonyesha zilizobaki pamoja na stakabadhi za alizobadilisha. Ukiandika zote, utatoka na upungufu wa 1,500 usio na karatasi, na jibu la kweli litakuwa na jina la mtu ndani yake. Usipoziandika, umedanganya mpakani mwa nchi isiyo na mzaha na fedha. Njia zote mbili zinaishia mlangoni kwa yule mama.

Simu mpya si kosa kwa umbo lake, ila simu iliyofungwa kwenye boksi huuliza swali: ya nani hii? Dawa ndiyo ningeifikiria. Dawa ya presha ikiwa kwenye pakiti yake, na cheti cha daktari, si kitu cha kutisha. Lakini cheti kitakuwa na jina la nani? Usichukue cheti cha uongo chenye jina lako. Mwambie rafiki yako aulize kwanza, kwa njia anayoiamini, kama mama anataka aletewe chochote na mtu. Na kama anataka, apange mama: mahali, siku, nani aje kuchukua, au asije mtu kabisa. Akisema "asinitafute," hilo ndilo jibu, na wewe usipite hata mtaa ule kwa ajili ya kumpigia picha nyumba. Nimeona wasafiri wakishindwa hapo. Wanafika, mji umetulia, wanajisemea haiwezi kuwa mbaya kiasi hicho, wanapiga hodi.

Angekuwa mama asiye na mtoto aliyekimbia, ningesema tofauti. Wapo wanaopelekewa zawadi kila siku na hakuna linalotokea. Lakini yule kijana aliye jeshini ananifanya nivute breki.

Biblia. Najua wenzako wa kanisani wamezitoa kwa upendo, na ukizirudisha utaonekana umepoa kiimani. Sikiliza. Tangu 2002 Eritrea inatambua dini nne tu: Waorthodoksi, Wakatoliki, Walutheri na Waislamu wa Suni. Walokole wamekamatwa majumbani mwao wakiwa wanasali. Mashahidi wa Yehova walivuliwa uraia 1994. Hata waliotambuliwa hawakusalimika: Patriaki Antonios wa Kanisa la Kiorthodoksi aliondolewa madarakani, akakaa kizuizini nyumbani miaka mingi, na alifariki Februari 2022 akiwa bado chini ya ulinzi. Biblia yako mwenyewe, moja, ya Kiswahili, ni ya kwako. Kumi za Kitigrinya zina wapokeaji kumi, na swali la kwanza utakaloulizwa ni majina yao. Pia mtu akikualika kusali nyumbani kwake, kataa kwa upole. Nenda kanisa kuu la Kikatoliki pale Harnet Jumapili, jengo lenyewe utalipenda, na hakuna atakayeulizwa kwa nini ulikuwepo.

Video je? Hapa nitakuwa mkali kidogo. "Ili watu waone hali halisi" ni hali ipi? Ukipiga baiskeli, makyato na Cinema Impero, umeitengenezea serikali tangazo bila malipo. Ukipiga yanayouma, kila uso ulioko ndani ni uso wa mtu anayeishi hapo, na maofisa nao wana intaneti. Wanaochunguza hali halisi wapo, wamefanya hivyo kwa miaka, kwa mbinu za kuficha mashahidi ambazo mtalii mwenye simu hana. Piga majengo. Watu uliozungumza nao wasiwemo, hata kwa majina ya kwanza tu, hata kwenye picha ya "rafiki yangu dereva". Majengo ya serikali, askari, polisi, madaraja, usiguse. Kabla ya kuweka chochote mtandaoni rudi kwanza Kampala, subiri wiki kadhaa, na ondoa taarifa za mahali na saa zinazojificha kwenye faili la picha.

Umeishi Kampala, huenda unakumbuka Januari 2021 intaneti ilipozimwa uchaguzi ukiwa mlangoni, na jinsi watu walivyoshusha sauti hata kwenye boda. Basi chukua wiki ile, uirefushe iwe miaka.

Kwa usalama wako mwenyewe sina mengi, kwa sababu hatari yako ni ndogo ukifuata utaratibu. Kutoka nje ya Asmara, hata kushuka Massawa bandarini, kunahitaji kibali cha Wizara ya Utalii, na kibali kinataja mahali na tarehe. Usijiongezee kituo njiani. Nje ya barabara usitembee, mabomu ya ardhini ya vita vya zamani bado yapo. Beba fedha taslimu, kadi yako ya benki haitakusaidia. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, siku mbili za kwanza utahema ukipanda ngazi. Simu safisha kabla ya kusafiri: mazungumzo yako na rafiki yako, namba za Waeritrea wa Kampala, picha za maandamano kama zipo. Na usimchukue yeye mwenyewe mkafuatana, hata akipata pasipoti ya nchi nyingine. Kwa serikali ile, mtoto wa Mueritrea ni Mueritrea. Mwandishi Dawit Isaak alikuwa na uraia wa Uswidi pia, akakamatwa Septemba 23, 2001, na hadi leo hajafikishwa mahakamani.

Nikiwa wewe ningekwenda? Ningekwenda, kama mama angesema asitafutwe na rafiki yangu akalikubali hilo bila kunilaumu. Kama rafiki yako anakuona wewe ndiye daraja lake la pekee na hawezi kukuacha uende bila mfuko, ningeahirisha. Utakuwa Asmara unamsikia akilia kichwani, na siku ya kumi utapiga hodi.

Kabla ya hapo kuna watu wawili wa kuonana nao ana kwa ana, maana mimi nimekujibu kwa swali moja tu. Rafiki yako aende na nyaraka zake kwa wanasheria wa wakimbizi. Pale Kampala wapo Refugee Law Project wa Chuo Kikuu cha Makerere. Asiende ubalozini mwao kulipa kodi ya asilimia 2 wala kusaini ile fomu ya majuto, ambamo waliotoka bila kibali hukiri kosa na kukubali adhabu, kabla ya kuongea na mwanasheria. Inaweza kugusa hadhi yake ya ukimbizi. Wewe nenda ubalozi wa Tanzania Kampala, uwaachie ratiba yako na namba ya kaka yako, na uwaulize waziwazi ni ubalozi upi utakaokushughulikia ukikwama Asmara. Wakisita kujibu, hilo nalo lipime kabla hujalipa tiketi.

Dawa na simu vikae nyumbani kwenu hadi mama aseme. Biblia zirudishe wiki hii, kabla mtu wa kanisani hajaanza kuuliza zilifika kwa nani.